Jinsi ya Kutajirika Myamba kwa Kuuza Maji, Hewa na Vumbi

Kama umefungua mwongozo huu, basi wewe ni mtu wa akili na jembe halikufai. Waache wengine wapande tangawizi kwenye miteremko ya Myamba, wilayani Same, wapalilie, wangoje miezi minane au tisa, wavune, kisha wabebe kichwani mpaka barabarani. Wewe umezaliwa kwa kazi nyepesi zaidi: kumpa mtu kitu kimoja huku akiamini kuwa ni kingine.

Kazi hii inataka elimu kidogo, nayo ni lile somo ulilolisinzia darasani: maada na mabadiliko yake. Nitakukumbusha haraka. Kuna badiliko la kiumbo, ambapo kitu hubadili sura au hali lakini hubaki kilekile: barafu ikawa maji, tangawizi ikawa vipande. Na kuna badiliko la kikemikali, ambapo kitu kipya huzaliwa: kuni zikawa majivu, maji ya miwa yakawa pombe ya dengelua. Tapeli hodari hujenga nyumba yake katikati ya hayo mawili. Kitu kikiwa kimebadilika sura tu, huapa kuwa kimezaliwa upya. Kikiwa kimeharibika kabisa, huapa kuwa ni sura tu.

Tuanze kazi.

1. Vaa maneno kabla ya kuvaa koti

Usianze na mzigo, anza na mdomo. Mnunuzi aliyetoka Dar es Salaam hataki kununua kwa mtu aliyechoka. Anataka kununua kwa mtaalamu. Sema "maada" panapofaa na pasipofaa. Tangawizi ikiwa mbichi, sema ina unyevu wa asili. Ikianza kunuka, sema imeingia kwenye mchakato. Akikuuliza mchakato gani, tazama milimani kwa utulivu, kisha mwulize yeye amesoma wapi. Kalamu mbili kwenye mfuko wa shati zinatosha. Ukiweka tatu utaonekana fundi redio.

2. Uza maji

Hapa ndipo penye fedha. Katika kila kilo 10 za tangawizi mbichi, karibu kilo 8 ni maji. Yaani Mungu ameshakuanzia kazi, wewe ongezea kidogo. Iloweke usiku kucha. Tena usiioshe: udongo wa mlimani unang'ang'ania vizuri kwenye vidole vya tangawizi, na mizani husoma uzito, haisomi jina.

Ukiwa upande wa kununua, geuza kibao. Ghafla uichukie mizani na ulipende gunia. Mkulima ajaze mpaka mdomoni, kisha ashonewe kilemba juu, halafu umlipe gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa, na haihitaji kemia yoyote, inahitaji tu mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa wiki hii. Tahadhari: lumbesa imepigwa marufuku, na Wakala wa Vipimo wana tabia mbaya ya kutokea sokoni bila kualikwa.

Jambo moja tu kuhusu maji uliyoyauza. Hayana uaminifu. Lori likishateremka tambarare na joto likapanda, yatatoka guniani yakiwa mvuke, badiliko safi la kiumbo, na kurudi mawinguni bila kuaga. Yatakayobaki yataipika tangawizi kwa uvundo. Mnunuzi atapima tena mwisho wa safari na hesabu zitagoma. Kwa hiyo lipwe taslimu, tena kabla lori halijagusa lami.

3. Kausha nusu, apa nzima

Wengine watataka tangawizi kavu. Pole sana. Ukiikausha kilo 100 mpaka unyevu wake ubaki asilimia 10 hivi, unabaki na kilo 22 mkononi, na moyo unauma. Ndiyo maana nakushauri uianue mapema. Mtu mwaminifu huchukua kipande akakivunja: kikikatika kwa mlio kimekauka, kikipinda bado. Basi vinavyokatika viweke juu ya gunia, vinavyopinda vipeleke chini. Wanunuzi wengi hawapendi kuinama. Ukimwita mtu "bosi" mara mbili, ya tatu hainami kabisa.

Usimwambie mtu yeyote kinachotokea kwa yule mjinga aliyengoja jua mpaka mwisho. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana hasa na kitu kiitwacho jinjeroli. Inapokauka, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji ndani ya molekuli zake zenyewe na kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Hilo ni badiliko la kikemikali, limetendeka kimyakimya juu ya turubai wakati yeye anapiga usingizi. Kwa hiyo ana kilo chache lakini ulimi wa mteja unamkumbuka. Wewe una kilo nyingi na mteja hakumbuki kitu. Kila mtu na fungu lake.

Baada ya wiki chache stoo, gunia lako litaota ukungu. Tumia kanuni yetu: sema ni rangi tu, badiliko la kiumbo, litatoka kwa kitambaa. Nakiri kuwa hapa ushauri wangu una kasoro ya kibiashara. Kuvu wengine hutengeneza sumukuvu, na sumukuvu haiogopi sufuria. Moto wa kupikia hauiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Mteja aliyekufa harudi kununua, na ndugu zake hawakopeshi.

4. Saga, unga husitiri

Kusaga ni zawadi kwa wanaoogopa kutazamwa. Kipande cha tangawizi kina uso na historia, unga hauna. Hapa changanya unga wa mahindi, pumba, na chochote kisichokuwa na rangi ya ubishi. Kusaga ni badiliko la kiumbo, na bado hutakutana na mtu anayeweza kuurudisha unga kuwa tangawizi. Kumbuka jambo hilo, tutalihitaji mbele.

Huenda akatokea kijana wa sekondari na chupa ya iodini, amefundishwa kuwa wanga ukidondoshewa iodini hugeuka bluu-nyeusi. Mkaribishe kwa mikono miwili. Adondoshe kwenye unga wako: bluu-nyeusi. Kisha mwombe adondoshe kwenye unga halisi wa jirani yako mwaminifu: bluu-nyeusi vilevile, kwa sababu tangawizi yenyewe ina wanga mwingi. Sasa jirani ndiye ana kesi ya kujibu. Hakuna rafiki wa tapeli anayeizidi elimu iliyoishia katikati. Omba tu kijana asifike kwenye hadubini, maana chembe za wanga wa mahindi na za tangawizi hazifanani umbo.

Ukishasaga, usiharakishe kuuza. Mafuta yanayobeba harufu huruka kirahisi, na unga umeyafungulia milango mingi zaidi kuliko kipande. Ukiuweka wazi miezi kadhaa, mteja atanunua rangi ya tangawizi na wewe utauza kumbukumbu.

5. Asali: mwache mteja akulazimishe

Huu ndio utapeli ninaoupenda, kwa sababu mteja hufanya kazi yote. Asali halisi, kwenye baridi ya mlimani, huganda. Sukari iliyomo, hasa glukosi, hujikusanya kuwa chembe, na chupa nzima huwa nzito na yenye mawingu. Ni badiliko la kiumbo tu. Iweke kwenye maji ya vuguvugu, itayeyuka. Lakini mteja akiona chembe atapiga kelele: "Hii umetia sukari!" Ataikataa, atageukia chupa yako iliyojaa sharubati ya sukari iliyochemshwa na ndimu, inang'aa kama macho ya bibi harusi, na ataisifu.

Atakuja pia na vipimo vyake. Atadondosha asali kwenye glasi ya maji aone kama inazama nzima. Sharubati nzito nayo inazama. Atachovya njiti ya kibiriti aone kama itawaka. Hapo amepima unyevu wa njiti, hajapima ukoo wa asali. Mpongeze kwa utaalamu wake. Mtu aliyejipimia mwenyewe akaridhika hatarudisha mzigo, maana atakuwa anajirudisha yeye.

6. Makande ya kuwalaghai wakwe

Umefika wakati wa kutumia ujuzi nyumbani. Wakwe wanakuja, na makande ni chakula chetu. Huwezi kuwapa wali wa tambarare ya Ndungu ukajiita Mpare. Tatizo ni kwamba mlimani maji hayachemki kwa nyuzi 100. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua msukumo, na kila mita 300 hivi huondoa karibu nyuzi 1. Kwenye kilele cha Shengena, takriban mita 2,460, maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Maharage hayajali kwamba sufuria inatokota, yanajali nyuzi. Kuongeza kuni kwenye maji yanayochemka hakuongezi joto la maji, kunaongeza mvuke na moshi.

Njia ya mkato ni magadi. Tia kidogo, ganda la maharage litalegea haraka. Tia zaidi, utaua vitamini B1. Tia zaidi ya hapo, na mama mkwe atasikia ladha ya sabuni. Asipoisema, usidhani hajaisikia. Atakushukuru, ataomba maji ya kunywa, na habari zako zitafika kwao kabla yake.

Mwenye subira huloweka tangu jana usiku, akafunika sufuria. Lakini huyo hasomi miongozo.

7. Uza hewa

Je, umechoka na mazao? Ingia kwenye chuma chakavu. Chuma kikipata unyevu na hewa hushika kutu, na kutu si uchafu uliotoka nje. Ni chuma chenyewe kilichofunga ndoa na oksijeni. Kilo 1 ya chuma, ikiliwa yote, huwa kutu ya kilo 1.4 na ushei. Hizo gramu 400 na zaidi zimetoka hewani bure. Usimkinge mvua nondo wako: mpe usiku mrefu nje, abebe mimba ya hewa, kisha mpeleke kwenye mizani.

Mfaransa Antoine Lavoisier, aliyepima mambo haya kwa uangalifu katika karne ya 18, alikatwa kichwa mwaka 1794. Usiogope, hakukatwa kwa sababu ya mizani. Alikuwa pia mkusanya kodi.

Wanaopaswa kukutia hofu ni wa kwetu. Kule Ugweno, Upare wa Kaskazini, ukoo wa Washana walifanya kazi yako kinyumenyume. Walichota mchanga mweusi wenye madini ya chuma kwenye vijito, yaani chuma kilichokwisha kuolewa na oksijeni, wakakipanga tanuruni na makaa, wakapuliza mivukuto. Makaa yaliivuta oksijeni, chuma kikabaki peke yake. Hilo lilikuwa badiliko la kikemikali. Kisha wakakifua kuwa majembe na mikuki. Hilo likawa la kiumbo. Wachagga walikuja kununua. Ukoo wa Wasuya waliwanyang'anya Washana utawala, lakini moto waliwaachia, kwa kuwa utawala hupinduliwa na tanuru halipinduliwi. Watu wa namna hiyo ukiwapelekea kutu ukaiita chuma, watakuuliza tu unataka walipe chuma au walipe pumzi.

8. Jifiche kwenye jibu la mtihani

Hapa nakupa hazina. Kila mwanafunzi amekariri kuwa badiliko la kiumbo hurudi nyuma na la kikemikali halirudi. Jibu hilo limewapatia alama wengi, na wewe litakupatia mkate, kwa sababu lina matundu mawili makubwa.

Tundu la kwanza umeliona: unga haurudi kuwa tangawizi, na bado kusaga ni badiliko la kiumbo. Tundu la pili liko Makanya, humu humu wilayani Same, wanakochimba jasi. Jiwe la jasi ukilishika ni kavu, lakini katika kila kilo 100 kuna maji karibu kilo 21 yaliyofungwa ndani ya fuwele. Hao ndio wauza maji halali, na viwanda vya saruji hununua ili saruji isigande haraka. Ukilichoma jasi kwenye nyuzi 150 hivi, robo tatu ya maji hayo hutoka, ikabaki plasta. Plasta ukiipa maji, hupata joto, hukaza, na kurudi kuwa jasi. Kitu kipya kimezaliwa, kisha kimerudi tumboni mwa mama yake. Kikemikali, na kimerudi!

Faida yako ni hii: mfuko wa plasta uliokaa ovyo hunyonya unyevu hewani na kukaza kabla ya ndoa. Uponde, uuchekeche, uuze tena. Fundi atatazama akaona unga mweupe, atakumbuka kuwa kuponda ni badiliko la kiumbo, na atalipa. Atachanganya na maji. Hautakaza hata akiusomea dua, kwa kuwa unga ule ni jasi tayari. Unataka moto, hautaki maji. Wakati huo wewe uko Hedaru unakunywa chai.

Yule anayekuharibia biashara ni mtu mmoja tu: anayeacha kuuliza "Je, kinarudi?" akauliza "Je, ni kitu kilekile?" Ukimwona mtu wa namna hiyo sokoni, fungasha.

9. Mnyamazishe mtoto anayeuliza

Mara nyingi mtu huyo ni mtoto. Atasimama mbele ya kibanda chako na kusema: "Mjomba, mbona asali yako haigandi na baridi hii?" Mcheke. Waite wenzake nao wamcheke. Mbinu hii imejaribiwa katika milima ya jirani yetu, Usambara, mwaka 1963. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alitia maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Akauliza kwa nini. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, darasa likapata cha kuchekea.

Ila mbinu hiyo ina muda wa kuisha. Huko huko Mkwawa, Mpemba alimwuliza swali lilelile Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuja kutoa mhadhara. Huyu hakucheka sana, alirudi akapima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote, na wanafizikia bado wanagombana juu ya sababu na hata juu ya kama hutokea kila mara. Kuganda kwa maji, badiliko la kiumbo la darasa la chini kabisa, na bado halijaisha maneno! Kwa hiyo ukimcheka mtoto, mcheke upesi, na uhame kabla hajapata kipimajoto.

10. Andaa ng'ombe

Mwishoni utakamatwa. Usihuzunike, wote hukamatwa. Kinachotofautiana ni heshima. Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Wanatania, lakini usijaribu kupima ukweli wake kwa kumwuzia mtu wa Myamba udongo kwa bei ya tangawizi. Atakuja barazani na kipande kilichopinda, gunia lenye ukungu, mizani ya kuazima na shahidi aliyekuona unaloweka usiku. Utajitetea kuwa vyote ni mabadiliko ya kiumbo. Wazee watasikiliza mpaka mwisho, watanywa chai, kisha watakuuliza swali lile la mtoto: ni kitu kilekile?

Ipo pia njia nyingine, ya watu wasio na ndoto kubwa. Osha tangawizi. Ikate. Ikaushe mpaka ivunjike kwa mlio. Ipime kwenye mizani yenye muhuri, taja bei, pokea fedha, lala. Haina ujanja wowote ndani yake, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuiandikia mwongozo.